Nilikuambia Nimepona

Murungu, Kibondo
Jumamosi alasiri, Julai 1997

Skola mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Busunzu kumuaga bibi, nami nimebaki na kalamu. Niliwaambia jua ni kali na nitawachelewesha njiani, na hilo ni kweli. Lakini nimebaki kwa sababu nyingine. Kuna jambo natakiwa kukuambia kabla basi halijaondoka kesho alfajiri, na mara nne wiki hii nimefungua kinywa nikaishia kukuuliza kama umelifunga godoro vizuri. Mimi huyu, niliyehamishwa shule tatu kwa sababu ya mdomo, nimeshindwa kusema maneno mawili mbele ya binti yangu. Basi nayaandika, na nayaandika haraka, maana kila baiskeli inayopita barabarani nadhani ni nyinyi mmerudi.

Sitakuandikia juu ya sabuni, baridi ya Iringa wala wavulana. Hayo mama yako amekwisha kukuambia, na aliyoyasahau bibi yako anakuambia sasa hivi.

Jumatatu tulipokuwa tunakula uliweka tonge chini ukasema, "Baba, nikiwaomba shule wanishikie nafasi, nikakaa na wewe mwaka mmoja kwanza?" Nikapiga meza mpaka mchuzi ukamwagika. "Nani mgonjwa hapa? Mimi nimepona!" Ukafuta mchuzi. Jumanne ukaanza kufunga mizigo, tena ukiimba.

Sijapona, Skola.

Kansa waliyoikata mwishoni mwa utumbo mpana miaka miwili iliyopita imefika kwenye ini. Nimelijua hilo tangu mwezi wa nne, siku ile niliyowaambia nakwenda hospitali Kibondo kuangaliwa kidonda. Daktari alinibonyeza chini ya mbavu za kulia, akarudia kubonyeza palepale. Nikamuuliza nimebakiwa na muda gani. Akasema hayo ni ya Mungu. Nikamwambia Mungu hakusomea udaktari, yeye ndiye aliyesomea, na sitoki mle ndani mpaka aseme. Ni mtu wa huku huku, mtoto wa mkulima. Akavua miwani, akasema, "Mwalimu, kama ni kupanda, panda maharage. Usipande migomba."

Mama yako anajua. Hakuna aliyemwambia, ni yeye anayefua vitambaa vya hapa tumboni kwangu. Tangu Jumatatu hasemi nami ila kwa shughuli, na jana alisema neno moja tu wakati ananipa maji ya kuoga: "Unamtoa mtoto nyumbani kwa uongo."

Sasa nieleze nilivyofika hapa, kwa sababu wewe unaijua nusu ya habari hii, na nusu hiyo ni ile niliyoitengeneza mimi.

Mwaka 1992 ulikuwa darasa la saba. Nilikukataza kwenda kisimani na Anjela, binti wa jirani yetu Stefano. Ukauliza kwa nini, nikakujibu kwa kofi. Hukuuliza tena. Mlikuwa mkipishana njiani kama watoto wa vijiji viwili vilivyopigana. Leo nakujibu.

Kiangazi kile Stefano alimwoza dada yake, na tulialikwa. Unajua desturi yetu: mwenye nyumba anaonja pombe kwanza mbele ya watu, ndipo mgeni anapewa, na kila mtu anajua kwa nini ingawa hakuna anayesema. Siku ile Stefano hakuonja. Alikuwa ameokoka wiki ileile, ndizi za pombe zikiwa zimekwisha kufukiwa ardhini ziive, na shughuli haiwezi kuahirishwa kwa sababu mtu mmoja ameokoka. Akanipa mrija akasema, "Kunywa, Mwalimu. Mimi Bwana amenizuia." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamuuliza kama huyo Bwana wake amewazuia na wageni wasilewe. Nikanywa.

Miezi miwili baadaye nikaona damu chooni.

Hapa ndipo aibu ilipo, kwa hiyo usiruke mstari. Unazijua barua zangu kwa wahariri wa magazeti, nilivyowachana watu wanaowaua vikongwe kwa kuwa macho yao ni mekundu. Ulikuwepo kwenye mkutano wa kijiji nilipomwambia mganga wa Busunzu kwamba yeye ni mwizi wa kuku mwenye manyoya kichwani. Vitabu vyangu unavijua, umelala juu yavyo utoto wako wote, maana sanduku lilikuwa chini ya kitanda chako. Mtu huyo, mwenye barua zote hizo na vitabu vyote hivyo, alipoona damu yake mwenyewe hakufikiri ugonjwa. Alifikiri mrija wa Stefano. Kusoma hakukunizuia kuwa mjinga, mwanangu. Kulinipa tu maneno mazuri zaidi ya kuutetea ujinga wangu.

Wala sikunyamaza nao. Niliusema hadharani, kilabuni, watu wakiwa wamejaa: "Yule hakuonja. Muulizeni kwa nini hakuonja." Sikusema zaidi ya hapo. Mtu aliyezoea kubishana anajua mahali pa kukata sentensi ili wengine waimalizie. Waliimalizia. Baada ya hapo hakuna aliyekunywa nyumbani kwa Stefano. Walokole wenzake nao wakaanza kukaa benchi jingine kanisani. Mwaka 1994 watu waliokuwa wameleta posa kwa Anjela walikuja kuichukua, mchana kweupe, wakipita mbele ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Niliwaona.

Na katika muda huo wote nilikuwa natafuta wapi dawa? Kwa yule yule mwizi wa kuku. Nilikwenda kwake mara tatu, nikiwa nimevaa kofia ya baba mkubwa ili nisitambuliwe, naye akanitambua kabla sijakaa. "Karibu, Mwalimu. Leo hukuja na mkutano?" Akanipiga bomba la dawa za mizizi ambalo sitakuelezea. Nililipa kuku. Nadhani alimchagua mwenyewe, mkubwa kuliko wote, kwa makusudi.

Kwenye zahanati pia nilikwenda, usidhani sikwenda. Walinipa dawa ya amiba. Mara ya pili wakasema bawasiri. Mara ya tatu nilimkuta tabibu mpya, kijana mpole, akasema, "Baba, inabidi nikupime kwa kidole, huko nyuma. Ni dakika moja." Nikasimama. Nikamuuliza kama hivyo ndivyo anavyompima baba yake. Nikamuuliza jina lake na jina la bosi wake, nikasema nitaandika barua. Nikaiandika kweli, Skola. Kurasa mbili, kwa herufi nzuri, nikilalamikia kudhalilishwa kwa mtu mzima. Kijana yule alihamishwa. Kidole chake kingeukuta uvimbe ukiwa mdogo. Hilo si wazo langu. Aliniambia daktari aliyenipasua, miaka miwili baadaye, nilipofika kwake ndani ya pikapu nikiwa nimevimba tumbo kama mjamzito na sijapata choo siku sita.

Daktari huyo aliniuliza pia: baba yako alikufa na nini? Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi: alilishwa sumu na mke mdogo. Akauliza, dalili zake? Nikaanza kuzitaja, damu chooni, kukonda, tumbo kujaa, na katikati ya kuzitaja nikajisikia. Nilikuwa najitaja mimi mwenyewe. Mke mdogo wa babu yako alifukuzwa akiwa na mtoto mgongoni, akavuka mto Malagarasi, na hatukumsikia tena. Alikuwa na ugali wake mzuri na kicheko kikubwa, na hakuwa amefanya lolote.

Kwa hiyo urithi wako si migomba wala sanduku la vitabu tu. Ukiona damu siku yoyote, hata uwe na miaka thelathini, hata ukiambiwa na kila mtu kwamba ni bawasiri, usitafute jirani wa kumlaumu. Nenda, lala kitandani, mwache daktari afanye kazi yake. Waambie baba yangu alikufa nayo na babu yangu pia. Tazama, nimekwisha kuliandika: alikufa.

Nilipotoka hospitali nikiwa na njia ya haja iliyofunguliwa hapa ubavuni, nilikaa nyumbani wiki moja, kisha nikaenda kwa Stefano. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nikapiga hodi, nikasema "mwidiwe" kama jirani anavyosalimia jirani, salamu ambayo sikumpa miaka mitatu. Hakuitikia.

"Umefuata nini, Mwalimu? Kunywa?"

"Nimefuata kukuomba radhi."

"Kwa lipi? Taja. Wewe ni mwalimu, taja moja moja."

Nikataja. Nilipofika kwenye jina la Anjela nililitaja mara mbili, naye hakunisaidia. Aliniacha nisimame mpaka nimalize. Halafu akaita ndani, mkewe akaleta chungu. Nikamwambia nilidhani ameokoka. "Wokovu ulinitoka mwaka uleule," akasema, "watu wa kanisani hawakutaka kushika mkono wa mchawi." Akachukua mrija, akanywa huku ananitazama, akavuta pumzi, akanywa tena. "Nionje mara ngapi ndiyo utosheke? Nikimaliza chungu kizima utaniamini?" Mkewe akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Nikanywa. Hatukukumbatiana wala nini. Lakini siku hizi anapita kila Jumapili kuniuliza kama tumbo limelala, na Anjela, ambaye ameolewa Kasulu na mtu mwingine, alinitumia salamu mara moja. Mara moja tu. Sidai ya pili.

Kuhusu Alhamisi zangu. Wewe na mama yako mlidhani nakwenda hospitali Kibondo kubadilishiwa dawa. Dawa hakuna. Nakwenda kukaa kwenye benchi la nyuma, karibu na chumba cha kufulia, na wenzangu. Ilianza hivi: muuguzi mmoja aliniomba niongee na mgonjwa aliyekuwa amefunguliwa njia kama yangu na alikuwa anakataa kula ili asitoe haja. Nikaingia, nikafungua shati, nikamwonyesha tumbo langu na mfuko aliounganisha mama yako kwa kitambaa na plastiki. Nikamwambia, tazama, na asubuhi hii nimekula ugali. Akauliza, "Unanuka?" Nikamwambia, nusa mwenyewe. Akanusa, akaomba uji.

Huyo alikuwa Pasikali, mkimbizi, mtu wa makamo, aliyezaliwa Burundi akakulia Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa njia zote alizopita. Baadaye akaja Bi Zuhura wa Kasulu, mke wa mwenye duka la vitenge, ambaye hupanda gari la mizigo la mumewe. Wengine huja na kuondoka. Tunafundishana mambo ambayo hakuna kitabu kilichonifundisha: kwamba maharage hupiga kelele tumboni wakati wa ibada na muhogo hutulia; kwamba majivu makavu kwenye ndoo huua harufu; kwamba ngozi inayochubuka hupona ukiiacha wazi juani, kama una ua wenye faragha. Bi Zuhura alikuwa ameacha kusali mwaka mzima, akiamini mwili wake hauwezi tena kutwaharika kwa sala. Nilikwenda na mumewe kwa shehe kuuliza, mimi Mkatoliki na daftari langu, nimejiandaa kwa vita. Shehe akanijibu kwa sentensi moja: mwenye udhuru atawadhe kwa kila sala, asali. Nilirudi na hoja zangu zote bila kuzitumia. Bi Zuhura alilia, halafu akanigombeza kwa nini sikwenda mapema.

Pasikali alikufa mwezi wa pili mwaka huu. Ndugu zake walikuwa wamemwambia daktari amfiche, aseme ni vidonda vya tumbo. Nilipojua niliwaka. Niliwaita ndugu zake waoga mbele ya wodi nzima, nikasema mwizi huiba mali, wao wanamwibia mtu kifo chake mwenyewe. Nilipendezwa na sentensi hiyo. Nikaingia ndani kumwambia Pasikali ukweli, na kabla sijaketi akanishika mkono. "Papa, nilijua zamani. Niliwaacha tu bapumue kidogo." Nikamuuliza, basi huna kinyongo nao? Akafikiri. "Ile imenichokesha si ugonjwa. Ni kuwachekea kila siku. Ningelipenda moja kati yao alie na mimi." Siku tatu baadaye akafa, na wote walikuwa bado wanamchekea.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nawasimulia wagonjwa wawili wapya habari hiyo ya Pasikali, kwa mkazo, na ile sentensi yangu ya mwizi. Bi Zuhura alikuwa anakunja kitambaa. Akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, binti yako anaondoka lini?"

"Jumapili."

"Anajua?"

Nikaanza kueleza. Nikasema wewe una akili, nafasi ya kidato cha tano haiji mara mbili, nikasema mtoto asibebeshwe. Nilieleza vizuri.

"Hawa mabwana wa maneno," akasema. "Ndugu zake Pasikali nao walieleza vizuri."

Wale wagonjwa wapya wakatazama chini. Nikainuka nikaenda kusubiri gari.

Kwa hiyo haya hapa maneno yenyewe, bila nguo. Umefunga mizigo kwa sababu nilikudanganya. Uliniuliza swali la mtu mzima nikakujibu kwa kelele, kama nilivyomjibu kijana wa zahanati, kama nilivyokujibu wewe mwenyewe kwa kofi mwaka ule. Kelele ndiyo njia yangu ya kuogopa. Watu wameniita jasiri miaka ishirini kwa sababu hawakujua hilo.

Na sasa hivi naogopa. Naogopa utabaki, ukanifulia vitambaa mpaka nafasi yako ipewe mtu mwingine, ukaolewa hapa Murungu, na kila ukiwaona wenzako unihesabie hilo. Naogopa pia utakwenda. Barua kutoka hapa mpaka Iringa ni wiki tatu, telegramu ni siku inayotaka yenyewe, na treni haisubiri msiba. Inawezekana kabisa wakazika kabla hujaipata habari. Nikifikiria wewe umesimama kwenye ofisi ya mkuu wa shule na karatasi ile mkononi, naiweka kalamu chini. Nimekaa hapa tangu saa nane natafuta ninachokitaka kati ya hayo mawili. Nimezoea kujua ninachokitaka. Leo sijui.

Leo kabla hamjatoka mama yako alisema angalau niandike barua niiweke ndani ya sanduku lako, chini ya sare, uikute ukifika. Nilikubali. Nilikunja hata karatasi. Halafu nikajiona: mzee mwerevu, amesema ukweli wote, na ameusema mahali ambapo hauwezi kubadili kitu. Huo ungekuwa uongo bora kuliko niliowahi kutunga.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, jua likiwa bado juu. Ukisema unabaki, Jumatatu nitakwenda posta mwenyewe kuwapigia telegramu wakushikie nafasi. Ukisema unakwenda, nenda, na ukirudi ukakuta kaburi, usimruhusu mtu yeyote, hata shangazi zako, akuambie kwamba ulimwacha baba yako. Waonyeshe mstari huu: nilijua, na yeye alijua.

Nawasikia mnakuja. Mama yako anakemea mbuzi wa watu njiani.

Keti barazani usome mpaka hapa, na kama unataka usome tena. Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba naanua muhogo. Ukimaliza, njoo uniambie moja kati ya hayo mawili, na ukiweza, lia kidogo mbele yangu, nami nilie. Halafu nitakaa kimya. Lolote utakaloamua, sitabishana nalo.

Baba yako,
Filiberti